Sura ya 7: Milango ya Nyonga

Ukipewa mifupa ya nyonga ya kufundishia, iliyosafishwa na kukaushwa, kitakachokushangaza ni uwazi uliopo kati ya mifupa hiyo. Juu pana uwazi mpana wa mviringo. Chini pana mwingine, wenye ukingo uliopindapinda. Mbele, matundu mawili makubwa yanakukodolea, na katikati ya mgongo zimepangana jozi za matundu madogo. Ni beseni lisilo na kitako, tena lililotobolewa kila upande, na ndilo linalobeba uzito wa kiwiliwili kizima kila tunaposimama.

Mifupa yenyewe haina mengi ya kuelezea. Kulia na kushoto upo mfupa mmoja mkubwa, ambao kwa mtoto bado ni mifupa mitatu iliyoshikanishwa na gegedu: iliamu, ile pana unayoigusa ukishika kiuno, iskiamu, unayoikalia, na mfupa wa kinena, ulio mbele. Mitatu hiyo hukutana kwenye kikombe kinachopokea kichwa cha fupa la paja, na huungana kuwa mmoja katika miaka ya kubalehe. Nyuma, mifupa hiyo mikubwa imeshikamana na sakramu, yaani pingili tano za uti wa mgongo zilizoungana. Chini ya sakramu kipo kifandugu. Mbele, pande mbili za kinena zimeunganishwa na kipande cha gegedu.

Matundu ndiyo yenye habari. Kila uwazi wa nyonga una kinachopita ndani yake na kinachoulinda: utando, kano au msuli. Maradhi mengi tunayoyajua kwa majina ya kila siku, kama ngiri, kizazi kushuka, mguu kufa ganzi au mtoto kukwama, ni habari za mlango ulioachia au mlango uliobana. Tuizunguke nyonga mlango kwa mlango.

Tundu kubwa lililozibwa

Matundu mawili ya mbele, yaliyo kati ya mfupa wa kinena na iskiamu, ndiyo makubwa kuliko matundu yote ya mifupa ya mwili wa binadamu. Wanaanatomia huyaita matundu ya obtureta. Kwa wanaume aghalabu ni ya mviringo, kwa wanawake ni madogo kidogo na yana umbo linalokaribia pembetatu. Ni mojawapo ya dalili ambazo wachunguzi wa mifupa huziangalia wanapotaka kujua kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke.

Ajabu ni kwamba kwa mtu aliye hai tundu hilo karibu lote limezibwa. Utando mgumu umetandazwa ukingo hadi ukingo, na misuli imejishikiza juu yake, mmoja kwa ndani na mwingine kwa nje. Misuli hiyo husaidia kulizungusha paja. Kwa hiyo mwili umepata mahali pa kushikiza misuli bila kubeba uzito wa mfupa mzima.

Kwenye kona ya juu utando umeacha njia nyembamba. Humo hupita neva ya obtureta, yaani mshipa wa fahamu wa misuli ya ndani ya paja, pamoja na mishipa ya damu. Njia hiyo kwa kawaida imejazwa mafuta kidogo. Mtu akikonda sana, hasa mwanamke mzee, mafuta hayo hupungua na kipande cha utumbo kinaweza kujipenyeza. Hiyo ni ngiri ya obtureta, ambayo ni nadra na tena ni hatari kwa sababu haionekani kwa nje: uvimbe umejificha chini ya misuli ya paja. Mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, na maumivu humshuka upande wa ndani wa paja mpaka karibu na goti, kwa kuwa utumbo unaibana neva katika njia ile ile moja. Bibi mwembamba anayetapika na kulalamikia paja asiambiwe kwamba ni baridi yabisi tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Madirisha ya nyuma

Sakramu ina jozi nne za matundu mbele na jozi nne nyuma. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kupitia matundu ya mbele ndizo zinazoongoza kibofu, puru, viungo vya uzazi na sehemu kubwa ya mguu. Baadhi yake hujiunga na zile zinazoshuka kutoka kiunoni na kufanya neva ya siatiki, ambayo ni nene kuliko neva zote mwilini. Upana wake hufikia sentimita 2 hivi.

Neva nene namna hiyo inahitaji mlango wa kutokea. Kando ya sakramu, ukingo wa mfupa wa nyonga umechongeka na kuacha pengo kubwa juu na dogo chini. Kano mbili zenye nguvu, zinazotoka sakramu kwenda kwenye iskiamu, huyafunga mapengo hayo kwa chini na kuyageuza kuwa madirisha mawili. Katika dirisha kubwa hupita msuli uitwao pirifomisi, unaolijaza karibu lote. Juu ya msuli huo hupita baadhi ya mishipa na neva za makalio. Chini yake hutoka nyingine, ikiwemo siatiki. Kwa watu wachache siatiki, au sehemu yake, hutoboa katikati ya msuli wenyewe.

Ramani hii inamhusu kila aliyewahi kuchomwa sindano ya takoni. Neva ya siatiki hupita robo ya chini ya kalio, upande wa ndani, kabla ya kushuka pajani. Sindano ikichomwa huko, neva yenyewe inaweza kutobolewa au kuunguzwa na dawa. Matokeo yake ni maumivu yanayochoma mpaka unyayoni, au wayo unaolegea usiinuke, na mtoto huburuta mguu. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuligawa kalio sehemu nne na kuchoma robo ya juu ya nje. Kwa mtoto mchanga hata robo hiyo haitoshi, kwa kuwa kalio lake ni dogo na neva iko karibu. Chanjo zake za msuli huchomwa pajani. Shirika la Afya Duniani nalo linaelekeza kwamba sindano ya msuli ya malaria kali ichomwe mbele ya paja. Mzazi ana haki ya kuuliza sindano inachomwa wapi kabla haijachomwa.

Dirisha dogo lina mpitaji mwenye mwendo wa ajabu. Neva ya pudenda hutoka nje ya nyonga kupitia dirisha kubwa, huzunguka nyuma ya ncha ya mfupa iitwayo mwiba wa iskiamu, kisha hurudi ndani kupitia dirisha dogo. Hutoka mlango mmoja na kuingia mwingine kwa sababu kazi yake iko chini ya sakafu ya nyonga: hisia za sehemu za siri, na misuli ya kuzuia mkojo na haja kubwa. Kwa kuwa neva hiyo hupita jirani kabisa na mwiba wa iskiamu, daktari huupapasa mwiba kwa vidole kupitia ukeni na kuchoma ganzi hapo, na mama hutulizwa maumivu mtoto anapotolewa kwa vyombo. Njia hiyo hiyo ndiyo inayobanwa na kiti chembamba cha baiskeli, na waendeshaji wa masafa marefu huteremka wakiwa na ganzi mahali wasipopenda kupataja.

Mlango wa mbele

Pale paja linapoanzia pamekatiza kano ndefu, kutoka kwenye nundu ya mbele ya iliamu mpaka kwenye kinena. Chini ya kano hiyo hupita kila kitu kinachokwenda pajani kutoka tumboni kwa mbele: msuli wa kuinua paja, neva ya mbele ya paja, ateri kubwa na vena kubwa. Pembeni mwa vena hubaki nafasi ndogo inayoipa uhuru wa kutanuka. Juu ya kano hiyo ipo njia nyingine, yenye urefu wa sentimita 4 hivi, ambayo kwa wanaume ni kumbukumbu ya safari: korodani huumbwa ndani ya tumbo na, kabla ya mtoto kuzaliwa, hushuka kupitia humo mpaka kwenye mfuko wake.

Njia hiyo isipojifunga sawasawa, au ukuta wake ukichoka, utumbo hufuata nyayo za korodani, na hiyo ndiyo ngiri ya kawaida ya kinena. Huwapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake. Ngiri ya ile nafasi ya pembeni mwa vena ni ya wanawake zaidi, na kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na mgumu, huubana utumbo upesi. Uvimbe unaorudi ndani ukilala una nafasi ya kupangiwa upasuaji. Uvimbe uliogoma kurudi, unaouma na kuambatana na kutapika, hauna nafasi hiyo, wala haukandwi kwa dawa wala kusuguliwa.

Njia ya mtoto

Sasa tuingie kwenye uwazi unaojulikana kuliko wote. Mlango wa juu wa nyonga unaanzia kwenye ukingo wa sakramu unaojitokeza mbele, unapita pande zote mbili kwenye ukingo wa ndani wa mifupa, na unaishia kwenye kinena. Kwa mwanamke wa wastani una sentimita kama 13 kutoka upande hadi upande, na kama 11 kutoka nyuma hadi mbele. Katikati ya njia, miiba ya iskiamu huingia ndani na kupunguza upana mpaka kama sentimita 10. Hapo ndipo penye kubana zaidi. Mlango wa chini una umbo tofauti: urefu wake mkubwa ni wa mbele kwenda nyuma, na huongezeka kifandugu kinaposukumwa nyuma.

Yaani njia hii ni pana kwa ubavu pale juu, na pana kwa mbele na nyuma pale chini. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi nacho ni kirefu zaidi kutoka paji la uso hadi kisogo kuliko kutoka sikio hadi sikio. Kipenyo chake kirefu hufikia sentimita 11.5, ila mtoto akikunja kidevu kifuani, kinachotangulia ni kipenyo cha sentimita 9.5 tu. Kwa hiyo mtoto huingia akiwa ametazama ubavuni mwa mama, hukunja shingo, hushuka, kisha hugeuka robo ya mzunguko na kutoka akiutazama mgongo wa mama. Mabega hufuata kwa mzunguko wao wenyewe. Mifupa ya fuvu lake, ambayo bado haijaungana, hupandana kidogo na kupunguza milimita zinazokosekana.

Nyani wengi huzaliwa wakimtazama mama, na mama huweza kumvuta mtoto kuelekea kifuani kwake. Mwanamke akimvuta mtoto wake hivyo anaweza kuupinda mgongo wa mtoto kinyume. Wanaanthropolojia Karen Rosenberg na Wenda Trevathan wamejenga hoja kwamba mzunguko huu ndio uliomfanya binadamu ahitaji msaidizi wakati wa kujifungua. Kwa hoja hiyo, ukunga ni kazi ya kale kuliko uhunzi na kuliko kilimo.

Kwa nini njia imebana hivyo? Mwaka 1960 Mmarekani Sherwood Washburn alitoa jibu lililotawala kwa muda mrefu: kutembea kwa miguu miwili kulitaka nyonga nyembamba, ubongo mkubwa ukataka nyonga pana, na mwili ukaafikiana katikati. Ushahidi wa Afrika Mashariki umeonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakuja pamoja. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, alizozitangaza Mary Leakey, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Nyonga ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ina umri wa miaka kama milioni 3.2: ni pana sana kwa ubavu na fupi mbele kwenda nyuma. Jamaa hawa walitembea wima wakati ubongo wao ulikuwa bado mdogo.

Mwaka 2015 Anna Warrener na wenzake walipima nguvu wanazotumia watu kutembea na kukimbia, na hawakuona kwamba nyonga pana inamchosha mtu zaidi. Jibu jingine likapata uzito: huenda kinachozuia njia isipanuke ni sakafu iliyo chini yake. Mwaka 2021 Katya Stansfield na wenzake walionyesha, kwa mahesabu ya kompyuta, kwamba sakafu ya misuli ikitandazwa kwenye mlango mpana zaidi hubonyea zaidi chini ya uzito ule ule. Mlango unaompa mtoto nafasi ya kutosha unaweza kumwachia mama viungo vinavyoshuka.

Waliojaribu kuupima

Kwa karne kadhaa matabibu wametaka kujua upana wa mlango huu kabla uchungu haujaanza. William Smellie, Mskoti aliyefundisha ukunga London katika karne ya 18, alitumia kidole: kutoka chini ya kinena mpaka ukingo wa sakramu, kisha akatoa sentimita chache kupata nafasi halisi. Kipimo hicho bado kinafundishwa. Mfaransa Baudelocque alipima kwa nje, kwa koleo maalumu. Baadaye ilidhihirika kwamba unene wa mifupa na nyama unatofautiana mno, na kipimo cha nje hakisemi lolote la uhakika kuhusu ndani. Karne ya 20 ilileta eksirei. Kuanzia mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alionyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani zaidi kuliko wenzao, na hamu ya kuwapiga wajawazito picha za nyonga ikapoa.

Jibu lililosaidia zaidi lilipatikana Afrika, bila kuipima nyonga hata kidogo. Mwaka 1972, mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, R. H. Philpott na W. M. Castle walichapisha chati inayoonyesha jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka saa baada ya saa. Waliichorea mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikiachana kwa saa 4, ili mkunga wa kituo cha mbali ajue mapema nani asafirishwe. Patografu iliyoenea katika wodi zetu ilitokana na kazi hiyo. Miongozo imebadilika tangu hapo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikiri kwamba si kila mama mwenye afya hufunguka sentimita 1 kwa saa, na mwaka 2020 likatoa chati mpya. Wazo la msingi limebaki lile lile: nyonga hupimwa na uchungu wenyewe, pamoja na kichwa cha mtoto huyu, si kingine.

Nyonga haina namba moja. Katika ujauzito homoni hulegeza viungo vyake, na gegedu la kinena huachia milimita kadhaa. Picha za sumaku zimeonyesha kwamba mwanamke akichuchumaa au akipiga magoti na kuegemea mikono, mlango wa chini hupanuka kuliko anapolala chali, kwa sababu sakramu na kifandugu havijagandamizwa na kitanda. Kwa hiyo anayemtazama binti kwa nyuma na kutangaza kuwa atazaa bila shida anakisia tu. Makalio ni mafuta na misuli. Mlango uko ndani, na hauonekani kwenye gauni. Kimo kifupi sana huwapa wakunga sababu ya kuwa macho, lakini wanawake wengi wafupi hujifungua salama, na wapo warefu wanaokwama.

Sakafu

Mtoto akikwama na msaada ukachelewa, kichwa huzigandamiza nyama kati yake na mfupa wa kinena kwa saa nyingi, hata siku. Damu haifiki, nyama hufa, na tundu hufunguka pasipotakiwa tundu: kati ya kibofu na uke, au kati ya puru na uke. Hiyo ni fistula. Mama huvuja mkojo mchana na usiku, na mara nyingi amempoteza na mtoto. Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huwatibu wagonjwa hawa bila malipo. Bukavu, Kongo, Denis Mukwege na wenzake wa Hospitali ya Panzi hushona majeraha ya uzazi na yale ya ukatili wa kijinsia, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Fistula nyingi huzibika kwa upasuaji. Si laana, na mwenye nayo hana sababu ya kufichwa chumba cha uani.

Sakafu yenyewe ni tandiko la misuli lililoshikizwa kutoka kinena hadi kifandugu. Kwa mwanamke imeachia nafasi tatu: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Kwa mwanamume ni mbili. Msuli mmoja hulizunguka puru kwa nyuma na kulivuta mbele, na mkunjo huo husaidia kuzuia haja mpaka utakapokuwa tayari. Kuzaa, kikohozi cha miaka, kubeba mizigo mizito na uzee huichosha sakafu hii. Mkojo hutoka mtu akicheka, au kizazi hushuka.

Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kuiimarisha, na hayahitaji kifaa. Kaza misuli kana kwamba unazuia gesi, shikilia sekunde chache, achia kabisa, rudia mara kumi hivi, kila siku kwa miezi. Usikaze tumbo wala makalio, na usiyafanye wakati unakojoa. Hata wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume huelekezwa mazoezi haya.

Kama ndani ya nyumba yako yupo mjamzito, acheni kubishana juu ya upana wa nyonga yake. Jueni mapema kituo chenye chumba cha upasuaji kiko wapi, nani ana gari, na nauli ya usiku ni kiasi gani. Mambo hayo matatu yanaweza kujulikana kabla ya uchungu. Upana wa mlango hauwezi.